Deni Shingoni

Laki mbili na kumi, na tairi moja la nyuma,
ndivyo tulivyopatana, mimi na Dramadri,
nyuma ya soko la Arua, panapouzwa magodoro.
Alianzia laki nne. Akaapa kwa mamake
kwamba mzee aliyemuuzia, kule Ariwara ng'ambo ya mpaka,
alilipiga gitaa hili la besi harusini
hata maharusi wakawa mababu.
Nikaligeuza. Mgongoni rangi imechubuka
pale bizimu ya mkanda wa mtu iliposugua miaka.
Nyuzi tatu. Wa nne, akasema, utaupata.
Kila muuzaji ana neno hilo mfukoni: utaupata.

Nililibeba limefungwa kitenge.
Darajani, juu ya Enyau, askari akanisimamisha:
Fungua.
Nikafungua. Akacheka peke yake, akaomba wimbo.
Nikamwambia linaumwa.
Basi lipeleke, akasema, hospitali iko kule juu.

Mimi ni fundi wa baiskeli, Ediofe.
Usiku, mteja wa mwisho alipoondoka,
nililaza mgonjwa juu ya meza, kati ya spoki na grisi.
Shingo imepinda, kama mtu anayechungulia kwa jirani.
Ndani yake mna fimbo ya chuma, uti uliofichwa,
na ufunguo wake, sikuamini,
ni ule ule ninaokazia usukani.
Robo zungusho. Ngoja mpaka kesho.
Robo nyingine. Ngoja.
Mti haupendi kuharakishwa;
nimewaona mafundi wa haraka, na walivyovivunja nimeviona.

Kile kimfupa cha kutenganisha nyuzi kilikuwa nusu.
Nikaenda kwa Adiga mchinjaji.
Wa supu? Hapana, wa muziki.
Akanitazama sana, kisha akanipa wa paja, bure.
Nikausugua kwa tupa ya viraka siku tatu,
kibanda kikanuka ng'ombe aliyeungua,
wateja wakadhani nimefungua hoteli.

Sauti nayo haikutoka.
Chini ya kifuniko, waya mwekundu umemwacha mwenzake,
kila mmoja na kutu yake ya kijani.
Nikapika msumari makaani, nikayeyusha risasi,
nikawapatanisha. Mkono ulitetemeka. Kovu lipo.

Ndipo nikafungua skrubu nne za shingo,
na kutoka shimoni ikaanguka karatasi,
imekunjwa mara nne, rangi ya chai:
*Sukari nusu kilo. Chumvi. Mafuta ya taa.
Sabuni kipande. Sukari tena.
Mama Bileo, nitalipa Jumamosi tukishapiga.*
Uchafu, nikasema. Nikaitupa chini ya meza.

Nikarudisha shingo, nikakaza,
nyuzi zikalala juu ya vyuma
zikavuma kama nzi ndani ya chupa.
Saa nzima nikikaza na kulegeza, nikilaani
Dramadri, Ariwara, mpaka na aliyeuchora.
Kisha nikapiga magoti na tochi,
nikaitafuta kati ya nati na mipira iliyopasuka,
nikaikunja ilivyokunjwa, mara nne,
nikairudisha palepale.

Ilikuwa kipimo, si uchafu.
Unene wa sukari isiyolipwa
ndio ulioinua shingo ikae sawa.

Nikapiga uzi mnene, mara moja tu.
Maji ndooni, yale ninayotafutia pancha,
yakafanya duara, duara ndani ya duara.
Asubuhi Ayikoru wa ukuta wa pili akaniuliza:
Jana ulikuwa unafanya nini?
Sikusikia kitu, ila sufuria zangu zimeongea.

Uzi wa nne bado.
Nimejaribu waya wa breki; unalia kama breki.

Mama Bileo, kama ungali hai huko,
usifute jina la yule bwana daftarini.
Kesho ni Jumamosi.
Mimi sina bendi. Nina pancha mbili
na baiskeli ya katekista isiyo na pedali.